Bata Mzinga wa Sikukuu: Joto Lichelewalo Kuingia na Kutoka

Nchini Marekani, Alhamisi ya nne ya mwezi Novemba ni Sikukuu ya Shukrani, na katika meza nyingi mlo mkuu huwa bata mzinga aliyeokwa mzima. Nchini Uingereza ndege huyo huandaliwa zaidi wakati wa Krismasi. Mpishi amwokaye mara moja kwa mwaka hupika kilo 6 za nyama kwa mazoea ya kuku wa kilo moja na nusu. Hapo ndipo hatari huanzia: kadiri nyama inavyokuwa nene, ndivyo joto linavyochelewa kufika katikati yake, na ndivyo linavyochelewa kutoka.

Kuyeyusha barafu

Bata mzinga wengi huuzwa wakiwa wamegandishwa. Akiachwa mezani usiku kucha, ngozi yake hupata joto la chumba ilhali kifua bado ni kigumu kama jiwe. Bakteria huzaliana kwa wepesi kati ya nyuzi 4 na 60 za Selsiasi, hivyo nyama ya nje huharibika kabla ya ile ya ndani kulainika. Njia salama ni kumweka jokofuni, ndani ya chombo chenye kina, kwa saa 24 kwa kila kilo 2 hivi. Bata wa kilo 6 huhitaji siku 3. Kumwosha ndege mbichi nako hakusaidii: matone hurukia sinki, visu na kachumbari. Kinachoua bakteria ni joto.

Kuoka

Nyama mbichi ya ndege huweza kubeba Salmonella na Campylobacter hata kama ndege hakuonesha dalili ya ugonjwa. Rangi ya ngozi haithibitishi kuiva, kwani ngozi huweza kuwa ya dhahabu huku nyama ya ndani ya paja ikiwa mbichi. Uthibitisho ni kipimajoto cha nyama: kichomwe sehemu nene ya paja na ya kifua bila kugusa mfupa, na kisome nyuzi 74. Mchanganyiko wa mkate na viungo unaojazwa tumboni hunyonya majimaji ya nyama, hivyo nao sharti ufikie nyuzi 74. Mara nyingi kifua hukauka kabla haujafika. Ni heri upikwe katika chombo chake.

Baada ya mlo

Hatari haiishi pale nyama inapoiva. Bakteria aitwaye Clostridium perfringens huacha chembe sugu ziitwazo spora, ambazo huhimili joto la kupikia na kuamka nyama inapopoa polepole. Kwa hiyo, kabla ya saa 2 kupita, nyama iliyobaki itenganishwe na mifupa, ikatwe vipande vidogo, itandazwe katika vyombo vifupi na kuwekwa jokofuni. Iliwe ndani ya siku 3 hadi 4, na kila mara ipashwe moto hadi nyuzi 74.

Dalili

Sumu ya perfringens huleta msokoto wa tumbo na kuhara baada ya saa 6 hadi 24, na kwa kawaida hupita ndani ya siku moja. Salmonella huongeza homa, na huweza kujitokeza hata siku 6 baada ya mlo. Mgonjwa anyweshwe maji yenye chumvi maalumu za kurudisha maji mwilini. Kuhara damu, homa kali, kutapika kusikokoma au kukosa mkojo ni sababu ya kwenda hospitali bila kuchelewa. Watoto wachanga, wajawazito na wazee wasisubiri dalili hizo. Kadhalika wagonjwa wa selimundu, ambao kwao Salmonella huweza kupenya hadi kwenye damu na mifupa.

Familia ya Afrika Mashariki inayochinja bata mzinga wake asubuhi ya Krismasi haina barafu ya kuyeyusha. Hata hivyo, nyuzi 74 kabla ya kupakua na saa 2 baada yake zinaihusu vilevile.