SOMO: KABLA YA KUHAMA, TEMBEENI SIKU YA MTOTO



Somo la mara hii ni la familia zinazofikiria kuhama. Katika sehemu nyingi za nchi yetu shamba la babu limegawanywa kwa wana, likagawanywa tena kwa wajukuu, mpaka sasa mtu ana robo ekari na watoto watano. Ndipo anakuja mtu na habari kwamba huko mbali ekari ni rahisi. Wengine wanauza hicho kipande na kwenda.

Kuhama si dhambi wala si ujinga. Shida ni kwamba mara nyingi tunapima mahali kwa kitu kimoja tu, bei ya ekari. Mtoto hali bei ya ekari. Yeye anaishi na maji ya pale, njia ya pale, shule ya pale na jirani wa pale.

Lengo: Kila mwanakikundi aweze kukagua mahali papya kwa kufuata siku ya mtoto, tangu aamke mpaka alale.
Muda: Saa moja na nusu.

1. MCHEZO WA KUANZIA

Wanakikundi watatu waigize. Wengine watazame tu, wasisaidie.

BABA: Mama watoto, nimepata shamba. Ekari tatu kwa bei ya hii nusu yetu!
MAMA: Umeliona, Baba watoto?
BABA: Broka amenipeleka na gari. Ni tambarare, hakuna hata jiwe.
MAMA: Maji yako wapi?
BABA: Ati kuna mto.
MAMA: Uliuona?
BABA: Tulichelewa. Lakini broka ni mtu wa kanisa.
MTOTO: Baba, na shule iko karibu?
BABA: Wewe nenda ukalale.

Mwishoni kiongozi aulize: Tumeona nini hapa? Je, jambo hili hutokea kwetu? Kwa nini hutokea? Msiharakishe. Waacheni watu wazungumze wawili wawili kwanza, kisha wote pamoja.

2. TAFAKARI: LUTU NA YOSEFU

Someni Mwanzo 13. Wachungaji wa Abramu na wa Lutu waligombana kwa sababu nchi haikuwatosha wote. Abramu alimwachia Lutu achague kwanza. Lutu alitazama bonde la Yordani, akaona lina maji na majani, akaenda huko. Habari za watu wa Sodoma hakuuliza. Baadaye jamaa yake iliona taabu kubwa.

Sasa someni Mathayo 2, kuanzia mstari wa 19. Yosefu alikuwa anarudi kutoka Misri pamoja na Maria na Mtoto. Alisikia kwamba Arkelao anatawala Uyahudi mahali pa Herode baba yake, akaogopa, na akaelekea Galilaya, akakaa Nazareti. Nazareti ulikuwa mji mdogo usio na sifa. Lakini Mtoto angeweza kukua pale bila kuwindwa.

Lutu aliangalia malisho. Yosefu alifikiria usalama wa Mtoto. Sisi tunachagua kama nani?

3. MAMBO SITA YA KUKAGUA

(a) Maji

Usiulize tu kama maji yapo. Uliza: yako umbali gani, yanakauka mwezi gani, yanauzwa bei gani, na ni maji ya namna gani?

Tufanye hesabu. Familia ya watu sita, kila mtu lita 20 kwa siku, ni mitungi sita. Tuseme mtungi unauzwa shilingi 10. Hiyo ni shilingi 60 kwa siku, 1,800 kwa mwezi, na 21,600 kwa mwaka. Shamba la bei rahisi limeanza kudai. Na kama hakuna pesa, mtungi uliojaa una uzito wa kilo 20, na mara nyingi anayeubeba ni msichana ambaye angekuwa darasani.

Kuna jambo lingine ambalo wageni wengi hawalijui. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, kama vile Nakuru, Njoro, Gilgil na Naivasha, maji ya visima virefu yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita moja, na visima vingi vya huko huzidi. Maji ni safi kwa macho na hayana ladha mbaya. Lakini mtoto akiyanywa miaka ambayo meno ya ukubwani yanajitengeneza ndani ya ufizi, yaani tangu utotoni hadi karibu miaka minane, meno hutoka na madoa ya kahawia yasiyosafishika. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu hata mifupa. Mtu mzima anayehamia huko meno yake hayabadiliki. Watoto wadogo ndio hulipa.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu, lakini maji yakipungua sufuriani, madini hubaki na kuwa mazito zaidi. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Pia kuna vichujio vya mkaa wa mifupa ya wanyama, na Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Kwa hivyo, kabla ya kununua huko, pelekeni maji ya kisima yapimwe. Na kama mnahamia, watoto wadogo wapewe maji ya mvua ya kunywa na ya kupikia.

Kipimo cha mvua ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ya paa ni lita moja. Paa la mabati la mita 6 kwa 5 ni mita mraba 30. Mahali penye mvua ya milimita 500 kwa mwaka, paa hilo hupokea lita 15,000. Toa kinachomwagika, utabaki na kama lita 12,000. Hazitoshi kufua na kunywesha ng'ombe, lakini ni zaidi ya lita 30 kila siku za kunywa na kupika, mradi tangi liwepo. Pesa za tangi ziwekwe katika bajeti pamoja na pesa za shamba.

(b) Njia na shule

Elimu ya msingi ni haki ya kila mtoto kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 53. Lakini haki haimvushi mtoto mto uliofurika. Tembeeni kwa miguu kutoka shambani mpaka shule asubuhi, si kwa gari la broka. Kilomita 4 kwenda na 4 kurudi ni kilomita 40 kwa juma. Mtoto wa miaka sita hawezi.

Angalieni kama kuna mto, barabara kubwa, au msitu. Katika sehemu za Laikipia na Taita Taveta ndovu hupita njia wanazopita watoto. Ulizeni mwalimu: darasa lina watoto wangapi? Gredi 7 hadi 9 zina walimu na vyumba? Sekondari ya juu iliyo karibu ni ipi? Na watoto wa madarasa ya chini wanafundishwa kwa lugha gani? Mashambani hutumiwa lugha ya wenyeji mpaka Gredi ya 3, na mtoto mgeni atahitaji uvumilivu wa mwalimu.

(c) Afya

Zahanati iko umbali gani, na usiku nani anafungua? Mama akishikwa na uchungu saa nane za usiku, atapelekwa na nini? Muulizeni nesi magonjwa gani huwapata watoto wa pale.

Familia inayotoka nyanda za juu zenye baridi na kuhamia kando ya Ziwa Viktoria au Pwani iwe macho sana na malaria. Watoto wa huko baridi hawajajenga kinga, na ugonjwa huwashika kwa nguvu. Kila mmoja alale ndani ya neti tangu usiku wa kwanza. Mtoto akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo. Ulizeni pia kama chanjo ya malaria hutolewa pale. Ilianza katika sehemu za magharibi ya Kenya mwaka 2019.

(d) Ardhi yenyewe

Tambarare kando ya mto hupendeza wakati wa kiangazi. Mwaka 2020 maziwa ya Bonde la Ufa, kama Baringo na Naivasha, yalipanda yakafunika nyumba na mashamba, na huko Baringo hata shule. Tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliporomoka alfajiri watu wakiwa wamelala, na makumi ya watu wakafa. Ulizeni wazee: maji yaliwahi kufika wapi? Kwenye milima ulizeni kama udongo umewahi kuporomoka.

Upande wa ukame, tujifunze kutoka Laikipia. Baada ya uhuru, makampuni ya kununua mashamba yalinunua ranchi kubwa na kuzikata vipande vidogo. Wengi wenye hisa hawakuhamia kamwe, kwa sababu kipande kidogo bila maji hakilishi familia kwa mahindi. Ekari tatu za ukame si lazima zishinde nusu ekari yenye mvua.

(e) Majirani

Hili tunaogopa kulisema, lakini tuliseme. Familia nyingi za Kenya zilifukuzwa makwao katika vita vya 1992 na vya 2007 hadi 2008, na watoto walilala katika hema. Kabla ya kununua, ketini na wazee wa pale, chifu, na viongozi wa makanisa. Je, kuna ugomvi juu ya ardhi hiyo? Wafugaji hupita na mifugo yao hapo wakati wa ukame? Wenyeji wanajua kwamba inauzwa? Ukinunua ardhi ambayo wenyeji wanadai waliporwa, unawanunulia watoto ugomvi. Na ukikaribishwa, nenda kwa unyenyekevu. Jifunze salamu zao. Wacha watoto wacheze pamoja.

(f) Karatasi

Usilipe hata shilingi kabla ya kuangalia rekodi ya shamba katika ofisi ya ardhi, ile wengi wanaita sachi. Itaonyesha mwenye shamba, na kama lina mkopo au zuio. Karatasi ya hisa ya kampuni sio hati ya kumiliki. Mwite mpima ardhi aonyeshe mawe ya mpaka. Mapatano yawe ya maandishi, yawekwe sahihi mbele ya mashahidi. Kwa shamba la kilimo ni lazima kupata kibali cha bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mapatano. Bila kibali, mapatano hayana nguvu kisheria.

Kina mama, sikieni vizuri. Boma mnaloishi haliwezi kuuzwa bila kibali cha mke au mume. Hiyo ni sheria ya mali ya ndoa ya 2013. Usitie sahihi kwa kusukumwa.

4. JINSI YA KWENDA KUONA

Nendeni baba na mama pamoja. Nendeni mara mbili, kiangazi na wakati wa mvua. Laleni angalau usiku mmoja kwa mtu asiyekuwa na faida katika kuuza. Ulizeni akina mama kisimani, nesi, mwalimu, na watoto wanaochunga. Watoto hawajui kuficha.

Kama inawezekana, msiuze kwanza. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Pangisheni nyumba huko kwa muhula mmoja, mjaribu. Kama ni lazima kuuza, bakizeni mahali pa nyumba na kaburi.

Hamieni mwisho wa mwaka wa shule, ili mtoto asikatizwe katikati. Bebeni vyeti vya kuzaliwa, barua ya kuhama kutoka shuleni, na vijitabu vya kliniki, ili chanjo zisirukwe. Hakikisheni familia imesajiliwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Na waambieni watoto mapema. Mtoto anayeshtukizwa na lori mlangoni huumia moyoni, hata kama hasemi.

5. KIKUNDI KIFANYE NINI?

Mtu anayehama ni mwenzetu. Asiende peke yake na broka. Kikundi kichague watu wawili, mmoja wao mama, wamsindikize kuona. Ahesabiwe akiba yake kwa haki na kulipwa kabla ya siku ya safari. Na akija mgeni kwetu, tumwonyeshe ukweli wa maji na wa shule, hata kama muuzaji ni ndugu yetu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mchezo, nani hakuulizwa? Kwetu nyumbani, nani haulizwi?
2. Kati ya mambo sita, ni lipi sisi tunalisahau zaidi?
3. Kama mgeni angekuja kukagua kijiji chetu kwa macho ya mtoto, angeona nini?
4. Tunaweza kutengeneza nini hapa ili watu wasilazimike kuhama?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mmoja atembee siku nzima na mtoto mmoja wa kijijini: kisimani, shuleni, malishoni, mpaka jioni. Aandike saa na hatua. Tukirudi, tutachora ramani ya kijiji chini kwa vijiti na mawe, tuweke alama mahali ambapo mtoto huteseka. Anayetaka kuhama atakuwa amejifunza jinsi ya kukagua. Anayebaki atajua pa kuanzia kazi.

Mtakatifu Yosefu, mlinzi wa familia, atuombee.