Nimekwama Mambo ya Walawi

Swali: Mchungaji, kila mwaka naanza kusoma Biblia nzima, lakini nikifika Mambo ya Walawi nakwama. Niruke?

Jibu: Usiruke, ndugu yangu. Mimi hupenda kukawia kwenye sura ya 19. Mvunaji anaagizwa asivune mpaka pembeni mwa shamba, wala asirudi kuokota masuke yaliyoanguka. Hayo ni ya maskini na mgeni. Endelea hadi Ruthu, utamkuta mjane Mmoabu akiokota masuke ya shayiri shambani kwa Boazi, ale yeye na mama mkwe wake Naomi. Kumbe sheria ile inayokuchosha ilimlisha mtu!

Biblia ina sura 1,189. Tatu au nne kwa siku, mwaka unatosha. Soma alfajiri, kwa sauti, kabla hujashika simu.