SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: GARI LINAPOTETEMEKA BAADA YA KUSHUSHWA SPRINGI

Makusudi ya somo

Baada ya kulisoma na kulijadili somo hili, katibu na wanachama waweze: (a) kutofautisha mtetemo wa injini, wa magurudumu na wa propela, (b) kueleza kwa nini kushusha gari huweza kuharibu mwendo wa propela, (c) kuamua ni lipi lipimwe kwanza kabla fedha ya chama haijatoka.

1. Mfano wa kujadili

Chukua mfano wa chama cha msingi katika vilima vya Kasulu chenye pikapu ya kukusanya kahawa na maharage kutoka vituo vya kununulia. Sanduku la gari liko juu, na wanachama wazee pamoja na akina mama huchoka kuinua magunia. Bodi yaamua gari lishushwe. Fundi atoa majani mawili ya springi kila upande wa nyuma na kuyanyoosha yaliyobaki. Gari lashuka, na watu washukuru.

Wiki ile ile gari laanza kutetemeka likifikia mwendo wa kilometa 60 kwa saa. Krosi mpya zanunuliwa, mtetemo wabaki. Krosi nyingine zanunuliwa, kwa kudhani kwamba zile za kwanza zilikuwa duni; mtetemo wabaki. Msimu ukiwa katikati, mkutano wamlaumu dereva kuwa anaendesha vibaya, na wapo wanaotaka akatwe mshahara.

Katika mfano huu hakuna aliyeuliza swali la kwanza: gari liliguswa wapi kabla halijaanza kutetemeka? Ugonjwa uliokuja baada ya badiliko hutafutwa kwanza katika badiliko lenyewe.

2. Propela na krosi zake

Propela huchukua nguvu kutoka giaboksi na kuipeleka kwenye difu. Kwa kuwa ekseli ya nyuma hupanda na kushuka, propela hufungwa kwa krosi kila mwisho ili iweze kujipinda. Kiungo cha namna hiyo ni cha zamani. Katika Ulaya huitwa kwa jina la Mwitaliano Gerolamo Cardano, aliyefariki mwaka 1576, na la Mwingereza Robert Hooke, aliyefariki mwaka 1703.

Krosi ina tabia moja ambayo lazima ieleweke. Ikizunguka ikiwa imepinda, mwendo unaotoka hauwi sawa na ule unaoingia: huongezeka na kupungua mara mbili katika kila mzunguko. Pembe ikiwa digrii 5, tofauti ni chini ya nusu ya asilimia kila upande. Ikiwa digrii 10, hufika asilimia moja na nusu. Dawa yake ni krosi ya pili. Ikipinda kwa pembe iliyo sawa na ya kwanza, na mikono ya propela ikiwa imelingana, hufuta kosa la mwenzake, na difu hupokea mwendo ulio sawa.

Kwa hiyo mstari wa giaboksi na mstari wa difu hutakiwa kuwa sambamba. Tofauti ya pembe za krosi hizo mbili ikizidi kama digrii moja, mtetemo huweza kusikika.

3. Kushusha gari hubadili nini?

Kama ekseli ingepanda wima bila kujizungusha, krosi zote mbili zingepungua pembe kwa kiasi kimoja. Lakini springi iliyonyooshwa huweza kuizungusha ekseli, na pua ya difu ikatazama mahali pengine. Vipimo vifuatavyo ni vya mfano. Vyote ni mteremko kuelekea nyuma ya gari:

Kabla ya kushusha: giaboksi digrii 3, propela digrii 7, difu digrii 3. Krosi ya mbele ina pembe ya digrii 4, na ya nyuma digrii 4. Zinafutana.

Baada ya kushusha: giaboksi digrii 3, propela digrii 4, difu digrii 0. Krosi ya mbele ina digrii 1, na ya nyuma digrii 4. Hazifutani tena.

Hata krosi ikinunuliwa mara kumi, pembe hizo hazitabadilika.

Kwa gari lenye propela ya vipande viwili, beringi ya kati nayo ichunguzwe, kwa maana kipande cha mbele hubaki mahali pake huku cha nyuma kikibadili pembe.

4. Hatua za uchunguzi

Hatua ya kwanza: osha gari. Udongo mwekundu wa Kitanga ukigandamana ndani ya rimu au juu ya propela huvuruga mizani yake. Dawa hii ni maji tu.

Hatua ya pili: endesha gari mahali tambarare na salama mpaka mtetemo uanze, kisha badili gia huku mwendo ukibaki ule ule. Mtetemo ukibadilika pamoja na mlio wa injini, tafuta kwenye injini na klachi. Ukibaki vile vile, tafuta kwenye propela, difu au magurudumu. Jaribio hili lisifanywe kwenye mteremko, wala gari lisiachwe kamwe katika gia huru likishuka kilima.

Hatua ya tatu: tofautisha gurudumu na propela. Tairi lenye mzingo wa meta 2.2, kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, huzunguka kama mara 7 na nusu kwa sekunde. Difu ikiwa ya 4 kwa 1, propela huzunguka mara 30, na kosa la pembe hupiga mara 60. Basi mtetemo wa gurudumu ni wa polepole, nao ukiwa wa mbele hutikisa usukani. Wa propela ni wa haraka, husikika sakafuni na kwenye kiti kama mvumo.

Hatua ya nne: kagua nati za springi, beringi ya kati na krosi. Kama propela ilifunguliwa, hakikisha ilirudishwa kwenye alama zake. Ikiunganishwa hata jino moja kando, mikono yake haitalingana na mtetemo utazaliwa hapo. Fundi apake rangi ya alama kabla ya kufungua.

Hatua ya tano: pima pembe. Gari lisimame juu ya magurudumu yake mahali tambarare, injini imezimwa, vigingi vimewekwa, na ufunguo uwe kwa yule aliye chini ya gari. Gari lisiinuliwe kwa jeki huku ekseli ikining'inia, maana pembe zitabadilika. Kipimapembe cha shule pamoja na uzi wenye nati kama timazi hutosha kuonyesha kosa la digrii tatu. Pima likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo.

5. Uamuzi wa bodi

Fundi aweza kuweka kabari ya chuma kati ya springi na ekseli ili kuirudisha difu sambamba na giaboksi. Lakini kwa gari la mizigo, dawa iliyo sahihi zaidi ni kurudisha majani yaliyotolewa, kwa sababu springi iliyopunguzwa imepungua pia uwezo wake wa kubeba. Tena, pikapu nyingi zina kifaa cha breki kinachopima mzigo kwa kuangalia umbali kati ya ekseli na fremu. Gari likishushwa, kifaa hudhani limebeba, na magurudumu ya nyuma huweza kufunga breki mno likiwa tupu. Katika miteremko ya Kitanga wakati wa masika, hilo ni hatari kubwa.

Mtetemo wenyewe usizoelewe. Propela ikikatika mbele huanguka barabarani na kuchimba ardhi, nayo ikikatika nyuma hupigapiga na yaweza kukata bomba la breki. Dalili ya mvua ni mawingu.

Na lile lililotakiwa tangu mwanzo, yaani wepesi wa kupakia, lapatikana bila kuligusa gari. Wanachama wajenge katika kila kituo jukwaa la mawe na udongo lenye kimo cha sanduku na njia ya kupandia. Kazi hiyo ni ya siku moja ya kujitolea.

6. Wajibu wa katibu

Katika daftari la gari iandikwe: tarehe, kazi iliyofanywa, sehemu iliyoguswa, mwendo ambao mtetemo huanza, na kama gari lilikuwa tupu au limebeba. Libadilishwe jambo moja kwa wakati, gari lijaribiwe, matokeo yaandikwe. Hati ya malipo ya kipuri isipitishwe kabla ya kuonyesha kipimo kilichothibitisha ubovu wake. Daftari kama hilo humlinda dereva asilaumiwe bure, na humlinda mwanachama mwenye fedha.

Maswali ya majadiliano

1. Katika mfano, ni hati ipi ya malipo iliyopaswa kukataliwa, na kwa sababu gani?
2. Kwa nini krosi mpya hazikuondoa mtetemo?
3. Gari la chama chenu limebadilishwa nini tangu linunuliwe, na je, limeandikwa?
4. Kituo chenu cha kununulia kina jukwaa la kupakilia? Kama hakina, litajengwa lini, na nani atasimamia?