Kijiji cha Majdal Shams na Mpaka Wake

Wenzangu, katika Jiografia tumezoea kuchora mpaka kwa kalamu nyekundu, tukapewa maksi zetu, kisha tukasahau. Mimi naliacha kuuona mpaka kuwa mstari tu niliposoma habari za Majdal Shams.

Kijiji hiki kiko katika milima ya Golan, chini ya Jabal al-Shaykh, yaani Mlima wa Mzee, wenye kimo cha mita 2,814. Haufiki nusu ya Kilimanjaro, lakini wakati wa baridi hupata theluji, nayo ndiyo mvi zake. Neno Shams si geni kwetu: ndiyo shamsi ya washairi wetu, yaani jua. Wenyeji ni Wadruze, wakulima hodari wa matufaha. Dini yao ilianza Misri katika karne ya 11. Wanaamini Mungu mmoja, na kwamba mtu akifa roho yake huzaliwa katika mwili mwingine. Tangu mwaka 1043 haipokei waongofu.

Hadi 1967 kijiji kilikuwa chini ya Syria. Katika vita vya mwaka huo Israel iliiteka Golan, na jamaa wakatengwa: huyu huku, nduguye kule. Basi watu wakapanda kilimani, jamaa zao wakasimama ng'ambo ya bonde, wakapashana habari za arusi na misiba kwa vipaza sauti. Hebu fikiri, kumtangazia dada yako kifo cha baba namna hiyo, kijiji kizima kikisikia! Simu za mkononi zilipokuja, desturi hiyo ilipungua. Na msichana aliyeposwa Syria alivukia Quneitra kwa msaada wa Msalaba Mwekundu, akijua kwamba huenda asirudi tena kwao.

Desemba 1981 Israel ilipitisha amri kwamba sheria zake zitumike Golan. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likasema amri hiyo ni batili. Wenyeji nao wakagoma kuanzia tarehe 14 Februari 1982, kwa zaidi ya miezi mitano, wakikataa vitambulisho vya Israel.

Tarehe 27 Julai 2024 roketi iliangukia kiwanja cha mpira cha kijiji, ikaua watoto 12. Mwaka uliofuata, Julai 2025, Wadruze wa Suwayda nchini Syria walipokuwa wakiuawa, mamia ya watu waliuvuka ua wa mpaka kwa nguvu. Siku hiyo wengine walikumbatiana na jamaa ambao hawakupata kuwaona maisha yao yote. Kisha askari wakaanza kuwarudisha.