Juma Baya Katika Wakati wa Mbio



Tangu mashindano ya mbio kati ya masomo yameanza, kila juma mtu anabisha kwenye mlango wa kapita na ombi moja lilelile: "Yaya, unifute kwenye orodha." Mpate kujua kwamba wanaoomba hivyo si wavivu. Wengi ni walewale wanaoamka kabla ya kengele. Mwezi wa kwanza muda wao ulipungua vizuri, kila siku ya posho walirudi wakicheka. Kisha muda ukasimama. Kisha ukaanza kuongezeka, na sasa wanasema mwili umefika mwisho. Tena timu yetu inachaguliwa kwa jaribio moja tu. Aliyekimbia vibaya ile asubuhi moja, basi, mwaka wake umekwisha.

Jambo hili linafaa kujifunzwa, maana liko na sababu zake. Nimechagua mfano wa mtu ambaye wengi wamesikia ushindi wake, lakini wachache wanajua majuma yake mabaya.

Mwanafunzi wa unganga

Roger Bannister alizaliwa Uingereza mwaka 1929. Hakuwa mkimbiaji wa kulipwa. Siku zile aliyepokea feza juu ya mbio alifungiwa mlango wa Michezo ya Olimpiki, kwa hiyo kila mkimbiaji alikuwa na kazi yake au masomo yake. Bannister alisoma unganga, kwanza Oxford, kisha kwenye Hospitali ya St Mary's mjini London. Mazoezi aliyafanya saa ya chakula cha mchana: karibu nusu saa ya kukimbia, kisha kurudi kwa wagonjwa na vitabu.

Najua neno litakalosemwa katika nyumba ya kulala: "Yeye mzungu, alikula nyama kila siku." Hapana. Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza walipimiwa chakula kwa miaka mingi, na nyama ilikuwa ya mwisho kuachiliwa, mwezi wa 7 mwaka 1954. Mbio nitakayosimulia ilikimbiwa miezi miwili mbele ya hapo.

Mwaka 1952 alikwenda Helsinki, nchi ya Finland, kukimbia mita 1500 katika Olimpiki. Magazeti ya kwao yalikuwa yamekwisha kumpa medali. Yeye alikuwa amejitengeneza kwa mbio mbili, ile ya kuchuja na ile ya mwisho. Kumbe wakubwa wa mashindano waliongeza mbio nyingine katikati, ikawa siku tatu mfululizo. Siku ya tatu miguu ilikuwa mizito. Akawa wa nne, na medali ya zahabu ikakwenda kwa Josy Barthel wa Luxembourg. Magazeti yaleyale yakamsema vibaya, na Bannister alikaa miezi miwili akifikiri kama aache mbio au aendelee.

Tuangalie vizuri shida ya mwaka ule. Alikuwa na nguvu za siku mbili, hakuwa na akiba ya siku ya tatu. Hapo dawa ilikuwa kuongeza kazi. Nalisema mapema, ili mtu asichukue makala hii na kusema kapita ametoa ruhusa ya kulala.

Mita 10

Bannister hakuacha. Akajiwekea alama nyingine: kukimbia maili moja, ndiyo mita 1609, chini ya dakika 4. Rekodi ya dunia ilikuwa ya Gunder Hägg wa Sweden, dakika 4 na sekunde 1.4, tangu mwaka 1945. Wa kalasi ya hesabu wapige hesabu: kwa mwendo ule mtu anapita karibu mita 6.7 kwa sekunde moja. Kwa hiyo iliyokosekana ni mita 10 hivi. Toka goli mpaka alama ya penalti ni mita 11! Lakini hizo mita 10 zilikaa miaka karibu tisa pasipo mtu kuzipata. John Landy wa Australia alifika karibu na dakika 4 na sekunde 2 mara nyingi, na kila mara alibaki palepale. Bannister mwenyewe alikimbia dakika 4 na sekunde 3.6 mwezi wa 5 mwaka 1953.

Mwezi wa 12 mwaka huo alianza kazi ngumu pamoja na marafiki wake Chris Chataway na Chris Brasher, chini ya mwalimu Franz Stampfl, mtu wa Austria. Walikimbia robo ya maili, ndiyo mita 402, wakapumzika dakika 2, wakakimbia tena, mpaka mara 10. Zoezi hili walilirudia mara kadhaa kwa juma. Mwanzoni kila robo iliwachukua sekunde 66. Pole pole wakapunguza, mwezi kwa mwezi, mpaka mwezi wa 4 wakafika sekunde 61.

Alama yao ilikuwa 60. Na hapo wakasimama. Walijaribu tena na tena, 61 ikabaki 61.

Wale walioomba wafutwe, someni hapa mara mbili. Watu hawa walishuka miezi minne, kisha wakakuta ukuta kwa sekunde moja tu, na siku ya mashindano ilikuwa inakaribia. Sisi tungefanya nini? Tungeongeza. Tungeamka saa kumi ya usiku. Bannister na Brasher walipanda motokari, wakaendesha usiku mpaka Scotland, wakapanda miamba ya milima siku chache na kuacha kabisa mazoezi ya mbio. Waliporudi walikwenda kiwanjani na kurudia mizunguko yao 10. Sekunde 59.

 Ile kazi ya miezi minne ilikuwa tayari ndani ya miguu, lakini uchovu uliifunika.

Siku tano za mwisho mbele ya mashindano alipumzika. Tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 1954 asubuhi alikuwa hospitali kama kawaida, kisha akapanda treni kwenda Oxford. Upepo ulikuwa mkali, na kwa muda mrefu hakutaka kujaribu, ulipopungua, akakubali. Brasher alitangulia kumvuta, kisha Chataway. Mzunguko wa kwanza sekunde 57.5. Nusu ya njia dakika 1 na sekunde 58.2. Mizunguko mitatu ikapita dakika 3 kwa nusu sekunde hivi, basi ilibaki kukimbia mzunguko wa mwisho chini ya 59 na nusu. Akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 59.4.

Rekodi yenyewe haikudumu. Siku 46 baadaye Landy aliivunja mjini Turku kwa dakika 3 na sekunde 57.9. Mwezi wa 8 wakakutana Vancouver, nchi ya Kanada, na mara ile Bannister akashinda, dakika 3 na sekunde 58.8. Mwaka ule ule aliacha mbio kubwa, akawa munganga wa mishipa ya fahamu. Alikufa mwaka 2018.

Mwili unafanya nini

Katika somo la biolojia tumeona vipande vya jambo hili, sasa tuviunganishe. Mtu anapokimbia kwa nguvu hajengi, anabomoa kidogo. Nyuzi ndogo za misuli zinaumia. Sukari iliyowekwa akiba katika misuli na ini inapungua. Moyo na damu vinapata habari kwamba kazi imekuwa kubwa. Kujenga kunakuja nyuma, zaidi wakati wa kulala, na ile sukari peke yake inaweza kudai siku nzima au zaidi ili irudi, kama mtu anakula vya kutosha. Anayejenga nyumba ya matofali mabichi anajua kwamba haweki mistari yote siku moja. Ya chini isipokauka, ukuta unalala.

Ukibomoa juma moja kuliko unavyojenga, hakuna neno, juma linalofuata utalipa. Ukibomoa hivyo majuma matano, muda unapanda, hata kama roho yako ni ya simba. Na hapo mkimbiaji anafanya jambo la hatari zaidi: anafikiri amekuwa mvivu, anaongeza.

Lakini Bannister hakuenda shambani. Sisi tuko na kazi ambayo hatuiandiki kwenye hesabu. Mwanafunzi wa nje anayetembea kilomita 6 asubuhi na 6 jioni amefanya kilomita 60 kwa siku tano, mbele hajavaa kaptula ya mbio. Siku ya salongo tunashika jembe saa mbili nzima. Wasichana wanachota maji. Na sisi wa kalasi ya sita tunakesha na vitabu juu ya mtihani wa Serikali. Mwili hauulizi kama uchovu umetoka kiwanjani au shambani, wote unaingia katika gunia moja. Kwa mawazo yangu, siku ya salongo ni siku ya mazoezi, na mtu asikimbizwe jioni ile.

Sasa, namna ya kujua kama juma baya limetoka kwa kazi kidogo au kwa kazi nyingi. Uvivu hauleti usingizi mbaya. Aliyechoka kupita kiasi analala vibaya ingawa amechoka, chakula hakimpendezi, anakasirika bure, na miguu ni mizito tangu hatua za kwanza. Tena kuna kipimo kisichouzwa: asubuhi, mbele ya kutoka kitandani, weka vidole viwili juu ya mshipa wa mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Fanya hivyo siku kumi na utajua hesabu yako ya kawaida. Wa jirani asikusumbue, kila mtu ana yake. Siku unapoona mapigo 8 au 10 zaidi ya kawaida, acha mazoezi makali; kesho yake pima tena.

Hapa niongeze jambo ambalo watu wa Oxford hawakuwa nalo. Kwetu miguu mizito na kichwa kuuma mara nyingi ni malaria. Nimesikia mwanafunzi akiambiwa "toa jasho, homa itatoka". Hilo ni neno baya sana. Kukimbia na homa kunaweza kuumiza moyo. Mwenye homa aende dispansari achukuliwe damu, na akipona asirudi siku ya kesho kwenye mwendo ule wa zamani. Siku chache atembee, kisha akimbie pole, kisha ndipo kronometa.

Ombi kwa walimu

Walimu wetu watuwie radhi, lakini jaribio moja halipimi mkimbiaji, linapima asubuhi moja. Tuseme mwanafunzi amekimbia mita 1500 siku nne za posho hivi: dakika 4 sekunde 52, dakika 4 sekunde 47, dakika 5 sekunde 3, dakika 4 sekunde 49. Ile ya tatu alikuwa ametoka malaria juma lililopita. Kama timu inachaguliwa siku ile, anabaki, na mwenzake ambaye kila mara anafanya dakika 4 sekunde 55 anachukua nafasi. Mwenzake hana kosa. Ila masomo yetu yamepeleka mtu wa polepole na kumwacha mwepesi.

Tunachoomba ni hiki: siku nne za jaribio, kila mmoja aondolewe ile mbaya zaidi, na zile tatu zijumlishwe na kugawanywa. Kwa mwanafunzi wetu inakuja dakika 4 na sekunde 49. Na yule mwenye kusitasita juu ya wavivu aone kwamba mvivu hasaidiwi na hesabu hii, maana ana siku nne mbaya na tunamwondolea moja tu.

Ili hesabu iende, kila mkimbiaji ashike daftari. Si maneno mengi: mapigo ya asubuhi, alilala saa ngapi, alifanya kazi gani hata ya jembe, alikimbia nini na kwa muda gani. Mstari mmoja kwa siku unatosha. Asiandike uongo wa kujisifu, kwa sababu miguu yake itamshitaki siku ya posho.

Mwalimu wa michezo amekubali kusikiliza neno hili siku ya pili, baada ya sala ya asubuhi. Wale watatu walioomba kufutwa: majina yenu bado yako kwenye orodha. Juma hili msikimbie. Mje siku ile na daftari, hata kama lina mistari minne tu.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya sita