Anthia na Habrocomes: Kiapo Kilichomfunga Mwanaume Pia



Wapendwa vijana, katika masomo yetu ya uchumba na ndoa kuna swali haliachi kurudi. Kijana mmoja aliliuliza wazi kwenye semina: "Mwalimu, dada akiteleza mnasema kajiharibia maisha. Kaka akiteleza mnasema ni ujana. Si ndo dunia ilivyo toka zamani?" Wenzake wakacheka, wengine wakapiga makofi. Sikumfungulia Katekisimu papo hapo. Nilimsimulia hadithi ya Kigiriki ya kale sana, iliyoandikwa na mtu asiyemjua Kristo, kisha nikamrudisha kwa Mtakatifu Paulo. Somo la leo litafuata njia ileile.

Hadithi yenyewe inaitwa Mambo ya Efeso. Mwandishi wake ni Xenophon wa Efeso (si yule Xenophon mwanahistoria, rafiki wa Sokrate, huyu ni mwingine). Wataalamu wengi huiweka katika karne ya pili baada ya Kristo. Nakala ya kale ya mkono iliyotufikia ni moja tu, iko Firenze, Italia. Fikiria, nakala ile ingeungua leo tusingekuwa na la kuzungumza.

Efeso unaijua. Ni mji wa Matendo ya Mitume sura ya 19, ambako mafundi fedha walifanya ghasia kwa sababu mahubiri ya Paulo yaliharibu biashara yao ya vihekalu vya Artemi. Ni mji ambao mwaka 431 Mtaguso ulithibitisha kwamba Bikira Maria ni Mama wa Mungu. Sasa hadithi yetu inaanzia kwenye sikukuu ya huyohuyo Artemi. Ni ya kipagani kabisa, ina miungu, ina waaguzi. Usiisome kama kitabu cha imani. Isome kama unavyosikiliza babu wa kijiji cha jirani, asiye wa dini yako, akikwambia jambo la kweli kuhusu binadamu.

Habrocomes ana miaka 16, mzuri wa sura, na anajua kwamba ni mzuri. Anawadharau wenzake, anamcheka hata mungu wa mapenzi, Eros. Anthia ana miaka 14. (Umri huo ni wa enzi zile. Mtu asije akaufanya hoja.) Wanaonana kwenye maandamano ya sikukuu, na kuanzia siku hiyo wote wawili wanaugua. Hawali, hawalali, wazazi wanaita waganga bila mafanikio. Mwishowe wazazi wanakwenda kuuliza kwa mungu Apolo, wanajibiwa kwamba ugonjwa wa watoto hao ni mmoja na dawa ni moja, lakini mbele kuna bahari, minyororo, kaburi na moto, na baada ya hayo hali njema. Wazazi wanawaoza. Halafu, ajabu, wanawapandisha meli na kuwatuma safari ya mbali! Wasomaji wameshangaa uamuzi huu kwa miaka mingi, nami nashangaa pamoja nao.

Ninachotaka tukitazame kwa makini kinatokea humo melini. Habrocomes anakumbuka yale yaliyotabiriwa, anaogopa, analia. Anamwambia mkewe: ikitokea tukatenganishwa, tuapiane, wewe usiwe na mwanaume mwingine, nami nisiwe na mwanamke mwingine. Anthia anaumia kusikia kwamba mumewe amewaza jambo kama hilo juu yake, lakini anaapa. Kisha Habrocomes naye anaapa.

Umeona hapo? Wameapa wote wawili, kiapo kilekile.

Kwetu sisi tuliozoea liturujia ya ndoa hilo linaonekana la kawaida. Enzi zile halikuwa la kawaida hata kidogo. Katika sheria za Wagiriki na Warumi, uzinzi ulipimwa kwa mke wa mtu. Mwanaume mwenye mke akilala na mjakazi wake au na kahaba, sheria haikumwita mzinzi. Mke alitakiwa awe mwaminifu, mume alitakiwa tu asiguse mke wa mwenzie. Hata hadithi nyingine za mapenzi za wakati ule humlegezea kijana wa kiume. Kwenye kitabu cha Achilles Tatius, shujaa Clitophon analala mara moja na mwanamke mwingine aitwaye Melite, na hadithi inaendelea vizuri tu. Kwenye kile cha Longus, Daphnis anafundishwa mambo ya kitandani na mke wa jirani. Xenophon wa Efeso hampi kijana wake ruhusa hiyo. Kwa hiyo yule kaka wa semina, aliyesema dunia ilikuwa hivyo toka zamani, ana ukweli kiasi. Ila hata zamani hizo kulikuwa na watu walioota kitu bora zaidi.

Basi meli inasafiri, inapita Samo, inafika Rodo. Pale wanaweka silaha za dhahabu katika hekalu la jua, zikiwa na majina yao. (Tia alama hapo, tutazihitaji.) Baada ya Rodo wanavamiwa na maharamia wa Foinike, meli inachomwa moto, wao wanapelekwa Tiro. Fungua Matendo sura ya 21 utaona Paulo akipita Rodo na kushuka Tiro. Ni bahari ileile.

Huko Tiro binti wa mkuu wa maharamia, Manto, anamtaka Habrocomes. Anamwandikia barua. Kijana anakataa, akijua kwamba ni mtumwa na anaweza kuuawa. Manto anapasua nguo zake, anamwendea baba yake, anadai kijana alitaka kumbaka. Kama umesoma Mwanzo 39 unajua kinachofuata. Habrocomes anachapwa mijeledi na kutupwa gerezani kama Yosefu. Anthia anapenya hadi gerezani kumuaga, kwa sababu amegeuzwa mjakazi wa Manto na anapelekwa Siria. Wanalia pamoja kwenye minyororo. Hapo ndipo wanapotengana, na hawataonana tena mpaka karibu na mwisho wa kitabu.

Siwezi kuwasimulia yote, tutakesha. Ila nataka mwone Anthia anavyolinda kiapo chake, maana wengi tunadhani uaminifu ni kukunja sura na kusema "hapana" kwa sauti kubwa. Anthia hana uwezo huo. Ni mtumwa. Akisema hapana tu, atalazimishwa. Manto, ili amdhalilishe, anampa mchunga mbuzi aitwaye Lampon awe mke wake. Anthia anamsimulia yule mchungaji maisha yake yote, anamwomba, na Lampon anamhurumia, anaapa hatamgusa. Nampenda sana Lampon. Matajiri na wakubwa wa kitabu hiki wakimwona msichana asiye na mtetezi wanaona mali. Mchunga mbuzi anaona mtu.

Baadaye Anthia anaokolewa mikononi mwa majambazi na Perilaus, afisa wa amani wa Kilikia, anayempeleka Tarso, mji alikozaliwa Paulo. Perilaus si mtu mbaya. Anataka ndoa ya heshima, na kwangu hili ndilo jaribu gumu kuliko ya maharamia, maana Anthia anadaiwa shukrani. Anafanya nini? Anaomba siku 30. Huko Misri ananunuliwa na Psammis, mtawala kutoka India. Anamwambia amewekwa wakfu kwa mungu Isi na bado mwaka mmoja. Anapouzwa kwenye danguro la Taranto, Italia, na kusimamishwa mlangoni mbele ya wanaume, anajiangusha chini kama mwenye kifafa. Siku 30, mwaka mmoja, siku moja. Silaha ya Anthia ni muda.

Mtauliza, je, si anadanganya? Ndiyo, anadanganya, na sitamtetea kwa kila neno. Lakini aliyefanya dhambi nzito mlangoni pa danguro lile si msichana aliyejiangusha. Ni aliyemnunua, na ni wale waliokuja na fedha mkononi.

Kuna mahali nasimama kinyume naye kabisa. Zile siku 30 za Tarso zinapokwisha, Anthia anamwomba daktari wa Efeso, Eudoxus, ampe sumu, afe kuliko kuvunja kiapo. Daktari anampa dawa ya usingizi bila kumwambia, na binti anazinduka kaburini, akiwa hai. Kwa wapagani wale kifo kama hicho kilikuwa ushujaa. Kanisa linatufundisha kwamba uhai si wetu wa kuutupa, hata kwa sababu inayoonekana tukufu. Na tena, binti aliyebakwa hajavunja kiapo chochote. Mtakatifu Augustino aliliandika hilo wazi baada ya Roma kuvamiwa mwaka 410, akiwatetea wanawake waliotendewa unyama: usafi uko katika nia, na mwovu hawezi kuuchukua kwa nguvu. Dada unayesoma hapa na uliwahi kufanyiwa jambo kama hilo, rudia kusoma sentensi hiyo. Na kama una mawazo ya kujidhuru, usibaki nayo peke yako. Mwambie leo mtu unayemwamini, ikiwezekana na daktari au padre.

Sasa turudi kwa Habrocomes, maana wanaume ndio tulioanza nao. Anaachiwa Tiro baada ya barua ya Manto kugunduliwa. Angeweza kukaa, alipewa usimamizi wa nyumba nzima ya yule mkuu. Anaondoka kumtafuta mkewe. Huko Misri anauzwa kwa mzee Araxus, askari mstaafu anayempenda kama mwanawe. Mke wa mzee, Kyno, anamtaka, tena anaahidi kumuua mumewe ili waoane. Na hapa Xenophon anaandika jambo ambalo mtunzi mwenye kupamba shujaa wake angelificha: baada ya kufikiri sana, Habrocomes anakubali. Ndiyo, anakubali! Usiku huohuo Kyno anamuua mumewe, anakuja kumwambia. Kijana anashtuka, anaikimbia ile nyumba. Kesho yake Kyno anamsingizia yeye mauaji. Anahukumiwa kufa msalabani kando ya Mto Nili, amefungwa kwa kamba mikono na miguu. Upepo unauangusha msalaba mtoni. Anakamatwa tena, anawekwa juu ya moto, na maji ya Nili yanapanda na kuuzima.

Miujiza ya mto waachieni wapagani wenyewe. Mimi nakaa kwenye lile "akakubali." Mke wake, mtumwa asiye na kitu, anatafuta siku 30. Yeye hakutafuta hata siku moja, na damu ya mzee wa watu ndiyo iliyomwamsha. Kaka zangu, mkiwa mbali na wachumba wenu, mmoja chuoni na mwingine kazini Muscat au Dubai, ulizeni vizuri: nani kati yenu anapewa nafasi ya kuyumba, na nani anahesabiwa hata salamu?

Paulo alikaa Efeso muda mrefu. Ukisoma 1 Wakorintho 16 utaona anasema atabaki Efeso mpaka Pentekoste, yaani barua ile aliiandika akiwa hukohuko, kwenye mji wa Anthia na Habrocomes. Na katika sura ya 7 ya barua hiyo, baada ya kusema kwamba mke hana amri juu ya mwili wake mwenyewe bali mumewe (hapo wanaume wote wa zamani wangeitikia Amina), anageuza papo hapo: vivyo hivyo mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe. Hakuna sheria ya mji ule iliyosema hivyo. Na kabla ya Paulo, Bwana mwenyewe katika Marko 10 alisema mume anayemwacha mkewe na kuoa mwingine anazini juu yake, yaani anamkosea mke. Kile ambacho mtunzi wa riwaya alikiweka kama ndoto ya vijana wawili melini, Kanisa lilikuwa limeshaanza kuwadai wanandoa wake, matajiri kwa watumwa.

Basi wale wawili wanaonana wapi? Rodo. Watumishi wao wa zamani, Leucon na Rhode, walioachiwa huru, walikuwa wameweka nguzo ya ukumbusho karibu na zile silaha za dhahabu. Habrocomes, baada ya kufanya kazi ya machimbo huko Italia, anafika hekaluni, anaona nguzo, analia, wanamtambua. Siku chache baadaye Anthia anafika palepale, anakata nywele zake na kuzitoa sadaka kwa ajili ya mumewe. Wanapoambizana habari, Habrocomes anakimbia mjini kama kichaa akiita jina lake.

Usiku, watu walipolala, Anthia anaanza yeye. Anawataja mmoja mmoja, kwa majina na kwa nchi, wanaume wote waliomtaka, Siria, Kilikia, Misri, Ethiopia, na kusema alivyowaponyoka. Kisha anamuuliza mumewe: na wewe? Habrocomes anaapa kwamba hakuna mwanamke mwingine aliyempendeza, na kwamba amemkuta kama alivyomwacha kwenye gereza la Tiro. Jina la Kyno halitaji. Mtunzi hasemi kwa nini, na Anthia hamhoji.

Walirudi Efeso. Wazazi wao, waliowapandisha meli, walikuwa wameshafariki kwa uzee na kwa huzuni ya kuwasubiri. Wakawajengea makaburi makubwa.

Juma lijalo tutasoma 1 Wakorintho 7 yote, sura nzima. Njooni na Biblia zenu, na wachumba wenu kama wapo karibu.