Kabla Hujamwandikisha Mtoto Chekechea ya Kiyahudi

Haya ni kwa mzazi aliyeko Marekani, awe Myahudi au la. Kila shule itakwambia kwamba inakaribisha wote. Usikubali mpaka uone inavyompokea mtoto asiyefanana na wenzake.

Nenda Ijumaa asubuhi. Ndipo darasa linapoikaribisha Sabato: mishumaa, juisi ya zabibu, mkate wa challah, na kisanduku cha sadaka kinachozungushwa kila mtoto atumbukize sarafu. Kaa nyuma, nyamaza, tazama. Anayelia anabebwa au anakaripiwa? Asiyezijua nyimbo ameketi na mwalimu, au ameachwa pembeni na midoli? Mwenye kiti cha magurudumu yumo ndani ya duara? Usiporuhusiwa kukaa, tafuta shule nyingine.

Uliza waziwazi Myahudi ni nani kwao. Kwa Wayahudi Waorthodoksi na kwa mkondo wa Conservative, Uyahudi hufuata mama. Mkondo wa Reform tangu 1983 humtambua pia mtoto wa baba Myahudi aliyelelewa Kiyahudi. Utafiti wa kituo cha Pew wa 2020 ulionyesha kuwa kati ya Wayahudi wa Marekani waliofunga ndoa tangu 2010, asilimia 61 wana wenzi wasio Wayahudi, kwa hiyo ukiwa na ndoa ya aina hiyo usiambiwe kwamba suala lako ni geni. Jibu ulipate ofisini kabla ya kulipa. Ni ukatili mtoto wa miaka minne kuja kulisikia kwa mwenzake, mezani, wakati wa chakula.

Kama mwanao ni mweusi, usijifariji kwamba atazoea. Shule ndiyo yenye wajibu wa kumzoea. Kagua wanasesere, vitabu na picha ukutani: Wayahudi wa Ethiopia, wa Yemen, na Abayudaya wa Mbale kule Uganda ni Wayahudi kamili. Kama kila uso ukutani ni mweupe, uliza kwa nini, na usiondoke bila jibu.

Usilalamikie milango iliyofungwa wala mlinzi. Agosti 1999 mtu mwenye bunduki aliingia katika kituo cha jumuiya ya Kiyahudi Los Angeles akajeruhi watu watano, watatu wao watoto. Lakini mlinzi akimsimamisha baba mweusi peke yake huku wengine wakipita, mwone mkuu wa shule siku hiyohiyo.

Hesabu watu wazima darasani. Kwa watoto wa miaka minne, NAEYC, chama cha Marekani cha elimu ya watoto wadogo, kinataka mtu mzima mmoja asizidishe watoto kumi.

Usifungashe chakula kabla ya kusoma masharti ya kosheri, yaani sheria za Kiyahudi za chakula. Shule nyingi hazitaki nyama kabisa kwenye mkoba wa mtoto, isije ikachanganyika na maziwa. Chukua kalenda pia. Sikukuu za Kiyahudi za Septemba na Oktoba hufunga shule mara kwa mara, nawe bosi wako hatakuwa na habari.

Vituo vingi vya jumuiya ya Kiyahudi (JCC) hupokea watoto wa dini zote. Ukiwa Mwislamu au Mkristo, sema mapema, wala usifiche. Ila usimpeleke mtoto huko kisha ukasirike akirudi anaimba Kiebrania.

Mwisho, ulizia punguzo la ada hata kama huna shida ya fedha. Sikiliza wanavyojibu. Wakikufanya uone aibu kwa kuuliza tu, mchukue mwanao muondoke.